Ndugu wa Mbwa Mwitu Aliyeitwa Bweha

Msomaji mmoja wa Arusha anauliza kama Tanzania tuna mbwa mwitu, wale wa kijivu wa hadithi za Wazungu. Wale wenyewe hatuna. Na mbwa mwitu wetu mwenye mabaka ni wa jenasi nyingine kabisa, tumwache. Ila ndugu yao wa karibu yupo Serengeti na Ngorongoro, mchana kweupe, na watalii wamempiga picha miaka yote wakiambiwa ni bweha.

Ni yule wa rangi ya dhahabu. Alihesabiwa mnyama mmoja na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya, hadi mwaka 2015, Klaus-Peter Koepfli na wenzake walipolinganisha vinasaba vyao. (Vinasaba! Anayeng'ang'ania kusema DNA anajinyima: nasaba imo ndani ya neno, na nasaba ndiyo inayotafutwa.) Bweha wa Asia alichepuka zamani, miaka kama milioni 1.9 iliyopita. Huyu wetu aliachana na ukoo wa mbwa mwitu wa kijivu miaka milioni 1.3 tu iliyopita. Ni makadirio, tuendelee.

Fununu za undugu huo zilianza mwaka 2011, kwa wanyama wa Misri na nyanda za juu za Ethiopia, na zilitoka kwenye mitokondria, zile chembe za kuzalisha nishati ndani ya seli. Hizi zina vinasaba vyake zenyewe, na hurithiwa kwa mama peke yake. Chukua mkufu wa bibi. Kila mtoto anapewa wa kufanana nao, ila wa kiume hufa na wake. Binti ndiye anayeupeleka mbele. Sasa aolewe bibi harusi kutoka ukoo wa mbali, mabinti zake wajaliwe uzazi kuliko wenzao. Vizazi vikipita, kijiji kizima kinavaa mkufu wake. Mgeni anayetazama shingo tu ataapa kwamba wote ni ukoo mmoja, asijue kuwa pua zile na vile vipara vimetoka kwa babu mwingine kabisa.

Babu huyo alionekana mwaka 2018, jenomu nzima ya huyu wetu, yaani vinasaba vyake vyote, ilipofunguliwa: asilimia 72 mbwa mwitu wa kijivu, asilimia 28 mbwa mwitu wa Ethiopia, yule mwekundu wa milimani ambaye leo wazima wake hawafiki 500. Mkufu haukumtaja hata kidogo.

Wagiriki wa kale hawakuhitaji maabara. Mji wa Misri unaoitwa Asyut leo, uliomwabudu mungu Wepwawet mwenye umbo kama la mbwa, waliuita Lykopolis, mji wa mbwa mwitu. Wasomi wa Ulaya waliokuja baadaye wakaitazama sanamu ya mungu huyo, wakasema bweha, na mnyama akashushwa cheo akawa mla mizoga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishuka kreta ya Ngorongoro, mwenye mgongo mweusi ni bweha kweli, na mwenye mraba ubavuni pia. Yule wa dhahabu asiye na alama hizo, mwambie dereva asimamishe gari.