Kaktasi Adimu Nyumbani (3): Inapozama Kwenye Chungu

Katika makala mbili zilizopita tuliitazama Astrophytum asterias huko kwao, kaunti ya Starr kusini mwa Texas na kaskazini mashariki mwa Mexico. Ni kaktasi bapa isiyo na miiba, yenye migongo minane na madoadoa meupe, na tangu 1993 Marekani imeiorodhesha kuwa mmea ulio hatarini kutoweka. Leo tuingie kwenye maradhi yake.

Kiangazi kikikaza, mmea huu hunywea mpaka ukalingana na ardhi. Ndivyo unavyojihifadhi. Lakini mtu aliyeupanda Tanga au Mombasa, akiona kichwa kimezama, huingiwa na huruma akakimbilia kata ya maji. Mizizi iliyolala hainywi. Maji hutuama, kuvu wakapata pa kuanzia. Tatizo ni kwamba mmea unaooza nao huzama vilevile, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Kabla hujashika kata, shika mmea. Wenye kiu ni mgumu na rangi yake haijageuka. Unaooza hubonyea kama embe lililolala, na weusi au unjano huanzia chini.

Mmoja wangu niliuchelewa. Nilipoung'oa, mzizi ulivuka ganda lote likabaki vidoleni, ndani pamesalia uzi mwembamba. Nilikata kwa kisu kilichofutwa spiriti, nikakifuta tena kila baada ya kipande, kwa sababu kisu hicho hicho hubeba ugonjwa kuupeleka kwenye nyama nzima. Usiache kukata mpaka uso wa kidonda uwe mweupe, bila nukta hata moja ya kahawia katikati. Kisha paka unga wa salfa, ile ile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara, uweke mmea kivulini penye hewa, mkavu kabisa, wiki mbili au tatu. Mizizi mipya huchukua muda zaidi ya huo. Wangu ulipona, ingawa umebaki na kimo kidogo.

Kinga yake ni udongo. Mchanga mnene wa mtoni (wa baharini una chumvi), changarawe na vipande vyepesi vya mawe ya volkano vizidi nusu ya chungu, na chini pawe na tundu. Masika ya mwambao huuweka udongo na unyevu siku nyingi, basi nyanyua chungu upime uzito. Kikiwa bado kizito, subiri.

Ukikuta unga mweupe mizizini, chunguza vizuri: mara nyingi ni vidung'ata. Osha mizizi yote, tupa udongo ule, acha ikauke ndipo upande upya.

Jua nalo wengi hulikosea. Kwao asterias huota chini ya vichaka vya miiba, kwenye kivuli chepesi. Ukiutoa sebuleni ghafla kuuanika juani saa sita mchana, hupata baka la kuungua lisilofutika. Uzoeshe kidogo kidogo, kwa jua la asubuhi. Ila ganda gumu la kahawia linalopanda taratibu kutoka chini, kavu na lisilobonyea, ni uzee tu. Liache.

Na unaponunua, chukua uliooteshwa kwa mbegu. Ukiona mmea mkubwa wenye makovu na mizizi iliyokatwa, muulize muuzaji umetoka wapi; asipokuwa na jibu, usiuchukue. Wiki ijayo tutaotesha mbegu zenyewe.