Kutofautisha Vipindi vya Mabadiliko ya Mng'ao katika Nyota Maradufu za Simbiotiki: Mfano wa AG Draconis

Nyota maradufu za simbiotiki ni mifumo ambamo nyota mbili za hali tofauti huzungukana. Moja ni jitu lenye joto la chini. Nyingine ni nyota ndogo yenye joto kali, aghalabu kibete cheupe. Sehemu ya gesi inayopeperushwa na jitu huangukia nyota ya pili, na mnururisho wa nyota hiyo hugeuza gesi iliyosalia kuwa nebula ya ioni. Kwa hiyo mng'ao unaopimwa ni jumla ya vyanzo vitatu, na kila chanzo hubadilika kwa kipindi chake.

Mabadiliko yanayojirudia yana sababu kuu tatu. Kwanza, mzunguko hubadilisha sehemu ya nebula inayomwelekea mtazamaji. Pili, jitu lenyewe huweza kutanuka na kusinyaa, kama katika R Aquarii, ambayo kipindi chake ni siku 387 hivi. Tatu, jitu lililovutwa na mwenzake hupata umbo la yai na kuonesha ubavu wake mpana mara mbili katika kila mzunguko. Katika T Coronae Borealis, mzunguko huchukua takriban siku 227.6, lakini mng'ao hupanda na kushuka kila siku 114 hivi. Anayechukulia kipindi hicho kuwa ndicho cha mzunguko hukosea kwa nusu, na kosa hilo huingia katika makadirio ya tungamo.

AG Draconis inadhihirisha ugumu zaidi. Katika chujio la karibu na urujuanimno, ambamo nebula hutawala, hujitokeza kipindi cha siku 550 hivi, ambacho ni cha mzunguko. Katika machujio ya buluu na ya mwanga unaoonekana, hujitokeza pia kipindi cha siku 355 hivi, kinachohusishwa na mipigo ya jitu. Kwa kuwa kipindi hicho kinakaribia mwaka mmoja, shaka huzuka kwamba huenda kimezalishwa na majira ya uangalizi.

Shaka hiyo inajibika kwa hoja tatu. Mosi, kivuli cha mwaka cha kipindi cha siku 550 kingetokea karibu na siku 219 au 1,087, si 355. Pili, nyota hii haizami chini ya upeo wa macho ikitazamwa kutoka Ulaya. Hivyo, pengo la kila mwaka katika data si lazima. Tatu, kipindi hichohicho kimebainika katika kasi ya jitu inayopimwa kwa mistari ya spektra. Zaidi ya hayo, ishara ya siku 355 huachana na kalenda na kupitia majira yote kwa takriban miaka 35. Hivyo, rekodi ndefu ndiyo kipimo madhubuti.

Kwa msingi huo, kilele katika periodogramu hakitoshi kutambulisha mzunguko. Sharti kilinganishwe katika machujio mbalimbali na kuthibitishwa kwa spektra.