Mtoto Akiulizwa, Naye Ajibiwe

Tufikirie binti wa miaka kumi na miwili katika shule ya msingi huko Nambale, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo. Kila mwezi, zikifika siku zake, binti huyu hubaki nyumbani. Mwalimu mkuu huona pengo katika daftari la mahudhurio, wala hajui sababu. Komeo ni kitu cha bei ndogo, lakini hakuna aliyelitaja kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Hapo ndipo faida ya baraza la wanafunzi inapodhihirika. Zamani viranja waliteuliwa na walimu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuandika majina ya wapigao kelele. Mwaka 2008 migomo ilizikumba shule nyingi za sekondari nchini Kenya. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, ili vijana washirikishwe katika uendeshaji wa shule zao.

Haki hii si ya wakubwa peke yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yamhusuyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo yaruhusu mwakilishi wa baraza la wanafunzi kuketi katika bodi ya shule.

Hata hivyo, kupewa kiti si kusikilizwa. Baraza la kweli huchaguliwa kwa kura ya siri, wasichana kwa wavulana, na madarasa ya chini yasisahauliwe. Hoja zake huandikwa, na kila hoja hupewa jibu, hata likiwa ni kwamba fedha hazipo hadi muhula ujao. Mtoto huweza kustahimili katazo lenye sababu. Akinyamaziwa, hujifunza kunyamaza. Na aliyezoea kunyamaza kuhusu komeo atanyamaza pia siku atakapodhulumiwa na mtu mzima.

Nasi tunayo mafunzo ya kale katika jambo hili. Amepokea Sahl bin Saad kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake yuko kijana mdogo na kushotoni wazee. Akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana hakuridhia, na Mtume akampa yeye chombo. Hakumuuliza kwa kutimiza desturi tu. Alilipokea jibu lake.

Basi mzazi, usingoje shule ianze. Leo jioni, baada ya chakula, muulize mwanao ni jambo gani shuleni angependa lirekebishwe. Kisha lifuatilie kwa mwalimu wake, na umrudishie mtoto jibu.