Kushindwa Kuzuia Mkojo Baada ya Kiharusi si Aibu

Mwanamume apatwapo na kiharusi, jamaa zake hutazama kwanza mkono uliolegea na ulimi uliokuwa mzito. Lakini lipo tatizo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona, nalo ni kushindwa kuzuia mkojo. Kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa kwa kiharusi, baina ya 40 na 60 hupatwa na shida hiyo. Watokapo hospitali, kiasi cha 25 huwa bado wanayo. Na baada ya mwaka mmoja, kiasi cha 15. Ni dhahiri basi kwamba shida hii ni ya wengi, na kwamba nafuu yaweza kupatikana.

Kibofu hupokea amri kutoka kwenye ubongo. Ubongo ukidhurika, kibofu hujikaza kabla ya wakati, na haja huja ghafla. Pengine kibofu ni kizima, ila mgonjwa hawezi kusimama, kufungua vifungo wala kuita. Kwa wazee, tezi dume iliyokua yaweza kuziba njia, mkojo ukajaa na kudondoka kidogo kidogo. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari hauna budi kutangulia.

Makosa mawili hufanyika mara nyingi. La kwanza ni kumnyima mgonjwa maji ili asilowanishe kitanda. Mkojo mzito hukera kibofu, na choo kigumu hukibana, hivyo shida huzidi. Yafaa anywe maji ya kutosha mchana, isipokuwa daktari amekataza, na apunguze chai na kahawa jioni. Kosa la pili ni kudai mpira wa mkojo ubaki ndani siku zote. Mpira huo una kazi yake pale mkojo unapogoma kutoka. Lakini kila siku unapokaa, hatari ya vijidudu kuingia huongezeka.

Njia iliyo bora ni kufuata saa. Mchana, kila baada ya saa 2 hivi, mgonjwa apewe chupa ya mkojo kabla hajaomba, akiwa ameketi, au amesimama kwa kushikiliwa. Chupa iwekwe upande wa mkono wenye nguvu, na suruali iwe ya mpira kiunoni. Usiku waweza kutumika mfuko unaovishwa nje ya uume mithili ya kondomu, wenye bomba la kupitisha mkojo. Uwe wa kipimo chake, ubadilishwe kila siku, wala usifungwe kwa kamba. Ngozi ioshwe na kukaushwa. Homa, maumivu, damu au mkojo kukatika ni dalili za kumrudisha hospitali upesi.

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki na Kongo, uuguzi huu huwaangukia wanawake. Mke wa mwana huona haya kumvua baba mkwe, na mzee hukaa amelowa mpaka ngozi ikachubuka. Heshima hiyo itunzwe, lakini isigeuke kuwa adhabu kwa mgonjwa. Wana wa kiume, ndugu na wajukuu hawana budi kushika zamu. Kumsitiri mzazi ni kazi ya wanaume pia.