Mwenye macho na aambiwe tazama

Katika enzi za ukoloni wako Wazungu waliokuja Afrika Mashariki na Biblia, na wako waliokuja na bunduki. Mjerumani Wilhelm Kuhnert alikuja na penseli, ingawa bunduki nayo hakuiacha nyumbani.

Kuhnert alizaliwa mwaka 1865 mjini Oppeln, akasomea uchoraji Berlin. Zama hizo wachoraji wengi wa Ulaya walimjua simba wa kizimbani tu. Yeye alifunga safari hadi Tanzania bara ya leo mwaka 1891, akarudi 1905 na 1911, akawachora wanyama katika nyasi na mwanga wa kwao. Picha zake zilipamba kitabu mashuhuri cha Brehm kuhusu maisha ya wanyama. Nyingine alizichonga juu ya bamba za shaba ili zichapwe nakala nyingi.

Hata hivyo, tusimsifu tukiwa tumefumba macho. Alikuwa pia mwindaji. Alichora mapigano ya Mahenge ya Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, na aliyeshika brashi alikuwa wa taifa lile lile lililoshika bunduki za rasharasha. Kitabu chake cha mwaka 1918 kina jina ambalo kwa Kiswahili ni "Katika Nchi ya Vielelezo Vyangu". Nchi ya watu ikawa nchi ya vielelezo vyake!

Nayaandika haya nikiwa mwalimu hapa Rangwe. Si mbali nasi, katika bonde la Lambwe, iko Mbuga ya Taifa ya Ruma, kimbilio la mwisho la korongo nchini Kenya. Lakini nikiwaagiza wanafunzi wachore mnyama, wengi hunakili simba wa kitabuni ambaye hawajapata kumwona. Ng'ombe anayecheua nje ya dirisha hawamhesabu kuwa anastahili karatasi.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Darasani huambiwa, tena kila siku. Walimu wenzangu, tuwatoe watoto nje na penseli zao. Nanyi wanafunzi, chora ng'ombe wa baba, chora mashua za Homa Bay, na ukijaliwa kufika Ruma, mchore korongo. Akitoweka kesho, isiwe picha yake pekee ni ile iliyochorwa na mgeni.