Boriti za Rufiji na deni la Mji Mkongwe

MGENI anayefika Forodhani, Zanzibar, huelekezwa kwanza kwenye Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, likawa la kwanza mjini humo kuwa na taa za umeme, na miaka mingi baadaye likafanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Hakuna jengo linaloutangaza urithi wa mji ule kuliko hilo. Ndiyo maana sehemu yake kubwa ilipoporomoka Desemba 25, 2020 wakati wa ukarabati na kuua watu wawili, habari zilienea dunia nzima.

Mjadala uliofuata ulihusu mafundi, fedha za wafadhili na usalama. Miti haikuzungumzwa sana. Lakini anayetaka kujua Mji Mkongwe unasimama juu ya nini hana budi kuvuka bahari hadi Wilaya ya Kibiti, akateremka kwenye tope la delta ya Mto Rufiji.

Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake hulala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti huwekwa mawe, na juu ya mawe hushindiliwa zege la chokaa. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba mzigo huo ikiwa nafasi inazidi mita tatu hivi, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya kale, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba. Mwashi hakuchagua upana wa sebule, aliupokea kutoka kwenye mti. Barghash alipotaka kumbi pana kuliko kipimo hicho ilimbidi atumie nguzo na mihimili ya chuma, jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida hakulimudu.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba chenye urefu wa futi 30, boriti zikiwekwa kila baada ya futi moja, kinahitaji boriti 30 hivi, yaani korja moja na nusu, kwa kuwa biashara hii huhesabu kwa korja ya miti 20. Nyumba ya ghorofa yenye vyumba 12 vya namna hiyo itakula korja 18 kabla ya kugusa roshani, ngazi wala jukwaa la mafundi. Mji una majengo mengi ya mawe, na kila jengo ni kipande cha msitu kilichohamishwa.

Msitu huo ulitoka sehemu mbalimbali za pwani, lakini delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa ghala zake kubwa. Ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Soko lake halikuishia Unguja. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliingia kwenye delta hiyo akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, na katika kitabu chake Sons of Sindbad cha mwaka 1940 alieleza jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya shida. Kabla ya fedha za mafuta kuleta saruji na nondo, nyumba za miji ya Ghuba nazo zilikuwa na vyumba vyembamba kwa sababu ile ile ya mti wa topeni.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mkataji husubiri maji yapwe, huingia kwa shoka tope likiwa magotini, huchagua mti ulionyooka, huukata na kuuburuta hadi kwenye kijito, kisha husubiri maji yajae ili mtumbwi uelee. Siku za bamvua humfaa kwa kuwa maji huingia ndani zaidi. Miti hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo inayotakiwa na mwashi, na huchukua miaka ishirini na zaidi kukomaa.

Hapo ndipo tatizo la kiuchumi linapoanza. Boriti iliyo kavu huweza kukaa darini zaidi ya karne moja. Lakini paa likivuja, ncha iliyozikwa ukutani huoza kwanza, na mwenye nyumba huijua siku dari inapoinama. Wengi hukimbilia saruji, ambayo hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa na kuongeza uozo. Ukarabati wa kweli unadai chokaa na boriti mpya. Kwa maneno mengine, Mji Mkongwe ni mteja wa kudumu wa msitu wa mikoko, ingawa haujawahi kujihesabu hivyo.

Upande wa muuzaji, mambo si shwari. Wajerumani waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya usimamizi wa serikali mwishoni mwa karne ya 19, na ofisi ya misitu ikawa Salale. Tangu hapo mwenyeji wa delta amekuwa akikata kwa kibali au kwa kuvizia. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa mikoko, na mwaka 1991 ukaja mpango wa usimamizi uliotenga maeneo ya kuhifadhi, ya kuvuna na ya kurejesha uoto. Mpango ulikuwa mzuri, lakini kwenye karatasi haukumjibu mtu mmoja muhimu, yaani mkulima wa mpunga.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, maji mengi ya Rufiji yalihamia matawi ya kaskazini ya delta. Maji baridi yakapunguza chumvi, na pale palipokuwa na mikoko pakawezekana kulimwa mpunga. Kaya isiyo na chakula haiwezi kulaumiwa kwa kulinganisha gunia la mpunga la msimu huu na boriti ya miaka ishirini ijayo, tena boriti ambayo kisheria si mali yake. Tatizo ni kwamba baada ya miaka kadhaa magugu huzidi, kaa hukata miche, na shamba huachwa ili jingine lifyekwe. Serikali imewahi kujibu kwa kuwaondoa wakulima. Hilo halijaongeza boriti hata korja moja, bali limeongeza chuki.

Marufuku peke yake nayo ina gharama. Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu mwaka 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu, mji mwingine wa Urithi wa Dunia uliojengwa kwa boriti, walipoteza kipato, na mwaka uliofuata zuio likalegezwa kwao.

Misitu si jambo la Muungano. Mikoko ya Kibiti iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na nyumba za Forodhani ziko chini ya mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985. Anayelipa kiingilio cha makumbusho au chumba cha hoteli yenye dari ya boriti hulipa Unguja. Mkazi wa Dimani, Salale au Mbuchi hapati sehemu ya malipo hayo, ingawa bidhaa ya wilaya yake ndiyo inayopigwa picha.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Kinachokosekana ni mnunuzi anayejulikana. Mamlaka ya uhifadhi ikiweza kukadiria korja zitakazohitajika kwa ukarabati wa miaka kumi, kijiji kinaweza kupewa kitalu, kiwango cha kuvuna kwa mwaka na bei inayotajwa kwenye mkataba, sehemu ya malipo ikibaki kwa ajili ya kupanda. Mbegu za mkoko hazinunuliwi. Huchipua zikiwa bado mtini na kuanguka zenyewe, na mashamba ya mpunga yaliyoachwa yapo, mengine hatua chache tu kutoka ukingo wa kijito.