Mchele wa pakiti: tizama chumvi kwanza
Mchele wa pakiti uliokwisha tiwa viungo umeingia majikoni mwetu, hasa Ramadhani, mtu anaporudi kazini na magharibi iko karibu. Siupingi. Lakini geuza pakiti usome palipoandikwa sodiamu, kisha zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 800 ni gramu 2. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko cha chai.

Hesabu hiyo mara nyingi ni ya sehemu moja tu. Pakiti ya sehemu mbili na nusu ukiimaliza peke yako, chumvi ya siku imekwisha hapo, achari na sambusa bado! Uzile, iliki na mdalasini havina neno. Mwenye presha aiogope chumvi. Pakiti nyingine viungo vyake huwekwa kando katika kijipakiti. Hicho tia nusu.